Je, Mtoto Aliyelala Aweza Kuwa na Kosa?



Liko neno moja lisilosemwa barazani wala katika mikutano yetu, ingawa nyumba nyingi zenye watoto zalijua sana. Neno hilo ni kukojoa kitandani. Mtu huliona kuwa dogo, neno la uani na la kamba ya kuanikia nguo, lisilostahili kuandikwa. Lakini ndani yake limo swali kubwa ambalo wenye hekima wameliuliza tangu kale: Je, ni haki kumlaumu mtu kwa tendo asilolitaka wala asilolijua? Maana kila kukicha, katika vijiji vya Soga na Mlandizi, na vilevile kule Kisarawe na Maneromango, wako watoto waamkao na kuadhibiwa kwa jambo lililowapata usingizini.

Watu husema kwamba yafaa akina mama wafundishwe jinsi ya kuwasaidia watoto hawa. Ni kweli. Lakini mafundisho yasiyotanguliwa na hukumu ya haki hayakai moyoni. Mama aaminiye kwamba mwanawe ni mkosaji hatasikiliza habari za maji na chakula na nguo. Atatafuta fimbo iliyo bora kuliko ile ya jana. Kwa hiyo swali la kosa na litangulie.

Yanayotendwa twayajua. Wako wamchapao mtoto kabla hajafikicha macho. Wako wambebeshao godoro kichwani na kumtembeza mbele ya wenzake, nao wenzake humwita kikojozi na kumzomea kwa nyimbo. Wako wamnyimao maji tangu alasiri. Wengine husema kwamba jana jioni alicheza na moto, na achezaye na moto hukojoa usiku. (Ingekuwa moto ndio uletao mkojo, watoto wa wahunzi wasingelala pakavu hata siku moja.) Watu hawa wote si wakatili. Wengi wawapenda watoto wao, ila wameamini mambo mawili: kwamba mtoto hufanya hivyo kwa uvivu, na kwamba adhabu itamponya. Tuyapime yote mawili.

Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani aliyefundisha Athens zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba sifa na lawama ni kwa matendo yaliyotoka katika hiari ya mtu. Akatoa mfano wa kipofu. Aliyezaliwa kipofu, asema, hakuna amlaumuye, watu humhurumia. Lakini aliyejipofusha kwa ulevi hulaumiwa na kila mtu. Kipofu ni kipofu, na giza ni lile lile; kilicho mbali ni njia waliyoifikia. Basi yatupasa kuuliza habari za mtoto wetu: Je, yeye ni kama kipofu wa kwanza au kama wa pili? Swali hili halijibiwi kwa hasira wala kwa huruma. Hujibiwa kwa kuujua mwili.

Kibofu cha mtoto mchanga hujimwaga chenyewe kikijaa. Baadaye mtoto hujifunza kukizuia mchana, kwa kuwa mchana yu macho na nia yake yaweza kufanya kazi. Usiku ni habari nyingine. Usiku mambo matatu hayana budi kupatana: mafigo yapunguze mkojo, kibofu kiweze kuushika hata asubuhi, na kama kimejaa kabla ya asubuhi, ubongo upate habari na kumwamsha mwenyewe. Kupunguza mkojo wa usiku ni kazi ya homoni itokayo ubongoni. Katika miaka ya 1980 madaktari wa mji wa Aarhus, katika nchi ya Denmark, walipima wakaona kwamba kwa wengi wa wakojoao kitandani homoni hii haiongezeki usiku kama ipasavyo. Basi mkojo huja mwingi, kibofu hujaa upesi, au ni kidogo tangu hapo, na mtoto haamki. Katika mambo haya matatu, lipi lililo katika mamlaka ya mtoto wa miaka 6? Yeye hata hajui mafigo yake yako upande gani.

Mtu aweza kunijibu hivi: “Lakini jana jioni alikunywa vikombe vitatu vya chai, nikamwambia aende chooni, akakataa.” Jibu hili si la kupuuza. Lafanana na yule kipofu wa ulevi. Lakini tazama vizuri: kama kosa lipo, ni kosa la jioni, si la usiku. Basi na lionywe jioni, wakati mtoto yu macho na neno laweza kumwingia. Tena tuulize kwa nini alikataa. Choo kiko nyuma ya nyumba, usiku hauna taa, na mwaka huo huo ameonywa habari za nyoka. Mimi nafahamu wanaume wazima wasiopenda kutoka peke yao saa hiyo.

Sasa imani ya pili, kwamba fimbo huponya. Madaktari hawalihesabu jambo hili kuwa ni la kutibiwa kabla mtoto hajatimiza miaka 5. Katika umri huo watoto wapata 15 katika 100 bado hukojoa usiku. Kila mwaka, katika kila 100 ya hao, kama 15 huacha wenyewe pasipo dawa yo yote. Hata kufika utu uzima hubaki kama mmoja tu katika watu 100. Kwa hesabu hii twaelewa fimbo ilipata wapi sifa yake. Mama amempiga mwanawe mwaka mzima, mtoto akaacha. Husema fimbo imemponya. Jirani amempa mizizi, mtoto akaacha. Husema mizizi imemponya. Wa tatu hakufanya neno lo lote, naye mtoto wake akaacha. Lakini huyu hana la kuhadithia, wala hakuna aendaye kumwuliza dawa.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya kwetu peke yetu. Katikati ya karne ya 16 tabibu Mwingereza, Thomas Phaer, aliandika kitabu cha magonjwa ya watoto, akatia humo sura ya kukojoa kitandani, na miongoni mwa dawa zake vilikuwamo viungo vya wanyama vilivyokaushwa na kusagwa. Bila shaka wako watoto wa Uingereza walioacha wakati wa kuzinywa, na dawa zikasifiwa.

Watu hupenda kunitajia methali: Samaki mkunje angali mbichi. Ni methali ya kweli, nami sitaki kuipunguzia nguvu. Lakini yanena habari za kitu kikunjikacho. Fimbo husema na nia ya mtu, na nia ya aliyelala haipo kuisikia. Iliyopo ni hofu yake tu. Mtoto huyu huenda kulala akiogopa, huamka usiku akiogopa, hugeuza shuka gizani na kulala juu ya maji yake kimya ili asisikiwe. Kitanda hakikukauka, ila mtoto amejifunza kuficha. Na mtoto aliyejifunza kuwaficha wazazi mambo ya mwili wake atawaficha na mengine yaliyo ya hatari zaidi.

Sheria ya nchi nayo imeligusa neno hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza adhabu ya kumdhalilisha mtoto. Tena yasema kwamba kumrudi mtoto si halali kukizidi kiasi kwa kutazama umri wake na hali ya mwili na akili yake, wala si halali ikiwa mtoto hawezi kuelewa makusudi ya marudi hayo. Basi mtoto aelewe makusudi gani katika adhabu ya jambo ambalo yeye mwenyewe amelipata habari asubuhi, sawasawa na sisi?

Mpaka hapa nadhani wengi watakubali kwamba mtoto hana kosa. Lakini ikiwa yeye hana kosa, je, kosa ni la mama ampigaye? Hapa ndipo nalioona jambo kuwa zito, na waalimu wengi wa mama hupita hapa upesi mno.

Mama mmoja wa upande wa Soga, mkulima, aliniambia neno nisilolipata katika kitabu cho chote. Nilimwuliza kwa nini ampiga mwanawe kila asubuhi. Akasema, “Baba Mchungaji, simpigi kwa ajili ya mkojo. Nampiga kwa ajili ya ndoo.” Nikamwomba anieleze. Blanketi moja hula ndoo mbili za maji, na sabuni, na jua la kutwa. Wakati wa masika jua halionekani, na jioni blanketi lile lile lahitajiwa, nalo bado li bichi. Tena hayo yote huja alfajiri, saa ile ile ya kuwasha moto, ya kuwatayarisha wengine kwa shule na ya kwenda shamba. Mama huyu alijua kabisa kwamba mtoto hakukusudia. Hakuhitaji kuambiwa habari za hiari. Alikuwa amechoka, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu mwingine wa kumdai uchovu wake ila yule aliye mdogo kuliko wote.

Basi deni lake ni la kweli, ila amemdai asiyekopa. Sasa, sisi tunaokuja na mafundisho, tukimwambia “usimpige,” kisha tukamwachia ndoo zake, tumemfundisha nini? Tumemwongezea mzigo wa dhamiri juu ya mzigo wa maji. Kwa hiyo fundisho la kwanza kwa mama lisiwe katazo, liwe msaada wa mikono: kipande cha nailoni chini ya shuka ili godoro lisilowe, kitambaa cha kanga kuukuu juu yake, kinachofulika kwa maji ya bakuli, badala ya blanketi zima, kopo lenye kifuniko chumbani ili mtoto asitoke gizani. Haya si makubwa. Lakini nimeona yakipunguza fimbo kuliko hotuba.

Na baba je? Nimesikia mafundisho mengi ya mama, lakini ya baba sijasikia hata moja. Hali hii hufuata ukoo. Kama mzazi mmoja alikuwa nayo utotoni, watoto kama 4 katika 10 hupatwa nayo. Kama wazazi wote wawili, zaidi ya 7 katika 10. Mtoto akiwa na macho ya baba, baba hujivuna mbele ya wageni. Akiwa na usingizi wa baba, ghafula huwa mtoto wa mama yake! Wanaume wengi wakumbuka vizuri shuka zao wenyewe, wala hawasemi. Wangalisema neno moja tu kwa mtoto, faraghani, “Hata mimi nilikuwa hivi, nikaacha,” wangalimpa kitu kisichopatikana dukani. Kwanza angejua kwamba haliko peke yake alilo nalo. Pili angejua kwamba lina mwisho.

Narudi kwa mama. Aristotle yule yule asema kwamba kutokujua kwaweza kumwondolea mtu lawama, ila si kutokujua kulikotokana na uzembe wake. Basi tuulize, mama wa Soga alikuwa na nafasi gani ya kujua? Msichana wa Kizaramo aliyewekwa mwali hufundishwa na somo wake mambo mengi ya mwili na ya ndoa. Akichukua mimba huenda kliniki, akapewa kadi, na mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa. Lakini kadi ile humfuata mtoto mpaka miaka 5, ndipo huisha. Nayo miaka 5 ndiyo hasa wakati jambo hili linapoanza kuhesabiwa! Siku ile mama anapohitaji kuuliza, mlango aliouzoea umefungwa, na uliobaki wazi ni wa jirani mwenye fimbo. Reli ilipita Soga kabla ya kufika Morogoro mwaka 1907, na tangu 2024 yapita treni ya umeme. Maarifa haya bado hayajashuka stesheni. Siwezi kumhukumu mama kwa kutokujua alikoachiwa. Lakini sisi tujuao, wahubiri, waalimu na wauguzi, na wazee wa kike wenye kusikilizwa, kunyamaza kwetu si kutokujua. Ni jambo jingine, na jina lake ni baya zaidi.

Yafuatayo ndiyo ningependa kila mwalimu wa Injili ayajue, apate kumweleza mama ajaye kuuliza.

Mtoto anywe maji ya kutosha asubuhi na mchana, ili jioni asiwe na kiu kubwa. Chai na soda za usiku ziachwe. Aende kukojoa kabla ya kulala. Choo kigumu huubana mkojo, kwa hiyo mboga, matunda na maji ni sehemu ya dawa. Asisifiwe kwa usiku mkavu, kwa kuwa si kazi yake; asifiwe kwa lile aliwezalo, kama kukumbuka kwenda haja au kusema kweli asubuhi. Kama amekwisha kuwa mkubwa na jambo bado lipo, madaktari wanazo njia. Iko kengele imwamshayo mtoto mara shuka ipatapo unyevu. Mowrer na mkewe waliieleza huko Marekani mwaka 1938, na hata leo hutumika, nayo huwasaidia wengi wa waitumiao kwa uvumilivu wa miezi. Iko pia dawa ya kuyapunguzia mafigo kazi ya usiku, itolewayo na daktari tu. Kengele hizo si rahisi kupatikana vijijini kwetu, na sitaki kumwahidi mama kitu asichoweza kukipata. Lakini ajue kwamba hali ya mwanawe ina matibabu, wala si laana ya nyumba.

Sasa neno la kumnyima maji, maana hapa mama aweza kuua akidhani aponya. Iko selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Yakadiriwa kwamba katika Tanzania watoto wapata 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Mafigo ya mtoto mwenye selimundu hayawezi kuushika mkojo ukawa mzito. Hutoa mwingi mchana na usiku, hata kukojoa kitandani huwa ni desturi yake mpaka ukubwani. Mtoto huyu ahitaji maji kuliko wenzake. Akikosa maji, damu yake huzidi kukwama katika mishipa, na maumivu makali humjia. Fikiri basi: mama amenyima kikombe cha maji kuwa adhabu ya kukojoa, na kikombe kile ndicho kilichomzuia mtoto asipatwe. Kwa hiyo mtoto akojoaye usiku, naye huumwa mifupa mara kwa mara, au alivimba mikono na miguu utotoni, au macho yake huwa ya manjano, asinyimwe maji kabisa. Apelekwe apimwe damu.

Ziko dalili nyingine ambazo mama asizingoje. Mkojo wenye damu, hasa kwa mtoto achezaye katika madimbwi na vijito, waweza kuwa kichocho, na dawa yake ipo. Maumivu wakati wa kukojoa, au homa, au kulowa hata mchana. Kiu isiyokwisha pamoja na kukonda kwaweza kuwa kisukari, na hili ni la kwenda siku ile ile. Na mtoto aliyekwisha kuwa mkavu miezi 6 au zaidi, kisha akaanza tena ghafula, aulizwe kwa upole ni nini kimempata. Pengine amefiwa, pengine amehamishiwa kwa shangazi, pengine kuna mtu amemtenda uovu naye ameamriwa kunyamaza. Mtoto wa namna hii akipigwa, mdomo wake umefungwa mara ya pili, na safari hii na mzazi wake. Wakaao Soga waanzie zahanati ya karibu, nao waganga wakiona haja watawaandikia kwenda Hospitali ya Tumbi, Kibaha.

Limebaki swali moja, nalo huulizwa na mama walio waangalifu. Je, ni vibaya kumwamuru mtoto aifue shuka yake mwenyewe? Wengine hukataza kabisa, wakisema ni adhabu. Mimi naona si hivyo sikuzote. Mtoto wa miaka 9 aifuaye shuka pamoja na mama yake, asubuhi kabla wenzake hawajaamka, kama afuavyo na sare zake za shule, hafanyi ila kazi ya nyumba. Tena amempunguzia mama ndoo moja, na wengine hulifurahia jambo hilo kwa sababu ndilo pekee waliwezalo katika habari hii. Lakini shuka ile ile, na maji yale yale, akifua katikati ya uwanja na wenzake wamesimama kutazama, imekuwa fimbo. Mikono yafanya kazi moja. Tofauti iko kwa hao waliosimama, na kwa yule aliyewaita.